Pete ya uchumba Nairobi Arboretum: lipia mpiga picha, achana na mapambo

Nianze na pesa, maana ndizo kila rafiki ananiuliza. Kampuni niliyoikodi itupige picha kwa siri nikimchumbia mwenzangu ina vifurushi viwili. Kile cha chini, shilingi 22,000, kinakupa mpiga picha mmoja, matembezi ya kukagua eneo mapema, na picha zilizosafishwa. Cha juu kinakaribia 60,000, na tofauti yote inaenda kwenye mapambo: herufi kubwa za taa, maputo, zulia la maua ya waridi, chupa ya shampeni. Nilichukua cha chini, na hata leo ningechukua hichohicho.

Bustani ya mji si ukumbi wa harusi. Ukisimamisha herufi za taa chini ya mti pale Arboretum, bustani ya miti ya Nairobi, mwenzako atazisoma kutoka mbali na siri itakuwa imekwisha kabla hujafungua mdomo. Umati nao utakuwa umeshajipanga na simu mkononi, na tumbili wa pale wanajua vizuri sana kikapu kina nini. Halafu kuna sheria. Tangu tarehe 5 Juni 2020, vitu vya plastiki vya kutumia mara moja kama chupa, vikombe na mirija vimepigwa marufuku kwenye misitu na maeneo mengine yanayohifadhiwa Kenya, na Arboretum ni msitu wa hifadhi ingawa iko hatua chache kutoka mjini.

Niliulizia pia droni. Mpiga picha akacheka, akaniuliza kama najua jirani wa bustani ile ni nani. Ni Ikulu. Zaidi ya hapo, droni ya kazi inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Kampuni itakayokuambia "hiyo tutapanga tu" ikimbie.

Nilichokilipia hasa kilikuwa akili ya yule kijana. Kabla ya kuzungumzia kamera alitaka kujua huwa tunafanya nini tukiwa wawili. Nikamwambia mara nyingine tukitoka kazini tunatembea Arboretum kunyoosha miguu. Akasema basi usitunge uongo wowote, mlete kama kawaida. Akaniuliza mwenzangu anapenda kutembea upande wangu upi, kama anaona haya mbele ya watu, na kama kuna shughuli ya familia karibuni. Hilo la mwisho sikulielewa mpaka aliponieleza: mkono wenye pete utapigwa picha nyingi, kwa hiyo kucha ziwe zimetengenezwa, lakini mwanamke wa Nairobi ukimwambia akatengeneze kucha bila sababu, ameshajua. Binamu ya mwenzangu alikuwa anaolewa Jumamosi. Tukapanga Jumatatu iliyofuata, nywele na kucha zikiwa bado za harusi.

Jumatatu ilitufaa kwa sababu nyingine pia. Jumapili pale hapapitiki, na kuna wale ndugu zetu wa maombi wanaokemea pepo kwa sauti chini ya miti. Sina neno nao, ila sikutaka swali langu lijibiwe na "ameni" ya mtu mwingine.

Siku ya kukagua tulipita njia yote. Bustani hii ilianzishwa 1907 kujaribia miti ya kigeni ambayo ingeleta kuni za reli, ndiyo maana leo kuna aina zaidi ya 350 kwenye hekta kama 30, na miti mingi ni mirefu mno. Mimi naona kivuli kizuri, mpiga picha anaona tatizo: jua likichuja kwenye majani linaacha madoa meupe usoni, na ukiingia ndani zaidi ngozi inachukua rangi ya kijani. Alitafuta ukingo wa nyasi ambapo kivuli ni kimoja na mwanga unaingia kutoka upande. Nairobi jua huzama karibu saa kumi na mbili unusu mwaka mzima, akachagua saa kumi na moja kasoro. Pale pa kusimama tuliweka alama kwa jiwe.

Akanifundisha kupiga goti. Goti lililo upande wa kamera ndilo liguse chini, vinginevyo paja linakuziba. Kisanduku kikae usawa wa kifua, kisipande usoni. Na usiharakishe kuinuka! Wanaume wengi, alisema, wakisikia "ndiyo" wanaruka juu kama wamekalia siafu, na picha ya uso wa mwanamke inapotea nyuma ya mabega yao.

Siku yenyewe mpiga picha alikuwa amevaa kofia na darubini shingoni, lenzi ndefu ameielekeza juu mitini. Watazama ndege ni wengi pale, hakuna aliyemjali. Mwenzangu alimpita akamsalimia, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba watu wengine wana muda. Kamera ilikuwa imewekwa kimya kabisa. Nilifika kwenye jiwe, mengine siyaandiki hapa. Alikubali.

Sasa malalamiko, nayo ni mawili. Picha za kwanza zilikuja zimesafishwa kupita kiasi, mwenzangu kafanywa mweupe kuliko alivyozaliwa. Alizitazama akauliza, "Huyu uliyemvisha pete ni nani?" Zilirudishwa kwa ngozi yetu halisi bila malipo ya ziada, lakini hilo lilipaswa kuwa la kwanza, si la kuombwa.

La pili lilinikera zaidi. Usiku wa siku ileile ya pete mtu wa ofisi ya kampuni alipachika picha moja Instagram. Sisi tulikuwa tumepanga kwenda kwa wazazi wa mwenzangu kesho yake, tuwaambie kwa adabu, ndipo wazee wangu watume ujumbe rasmi. Shangazi yake akaiona, akaiweka kwenye status, na mama mkwe akazipata habari pale akiwa anapika chai. Tulipofika alitupokea kwa kicheko, lakini baba mkwe alikaa kimya muda mrefu kabla ya kusema karibuni. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data tangu 2019, na picha yako ni data yako. Waliiondoa nilipopiga simu, wakaomba radhi.

Kwa mpiga picha natoa nyota tano, kwa ofisi natoa mbili. Uliza pia mapema ada ya kamera ya kibiashara getini inalipwa na nani, kwa sababu ni tofauti na kiingilio cha kawaida na kwenye kifurushi changu haikuwemo. Siku ya ruracio, yaani sherehe ya mahari ya Wakikuyu, tumemwita kijana yuleyule, ila safari hii kipengele cha mitandao kwenye mkataba nimekiandika mimi.