Nimesoma masaji Dodoma: uzoefu wangu kwa anayetaka kujiunga

Wengi mnaniuliza kama kozi ya masaji ina faida au ni kutupa ada. Mimi nimesomea chuo kimoja hapa Dodoma mjini na sijutii hata shilingi.

Kilichonishika zaidi ni somo la nani asikandwe. Kwenye vitendo alikuja mama mmoja aliyetoka kushuka basi la Mwanza, analalamika kigimbi cha mguu mmoja. Kimevimba, ukigusa ni cha moto, na mguu wa pili hauna tatizo. Mwenzangu keshamimina mafuta kiganjani, mkufunzi akamzuia: "Usimguse. Mama, pole sana, wewe ni wa hospitali, tena sasa hivi." Baadaye akatufafanulia kuwa kukaa safarini muda mrefu kunaweza kugandisha damu kwenye mshipa wa ndani, na ukikanda, bonge linaweza kung'oka likaenda kuziba kwenye mapafu, mtu akapoteza maisha. Huku mitaani tunakandana na maji ya moto bila hata kuuliza!

Mengine ni ufundi wa mikono. Nguvu hutoka miguuni, unaegemeza uzito wa mwili. Anayetegemea vidole gumba pekee haendi mbali kwenye kazi hii. Mteja anafunikwa shuka, unafunua sehemu unayoikanda tu. Hilo nalishikilia sana, maana bado kuna watu wanaifikiria masaji vibaya. Shangazi yangu alininunia alipojua ninachosoma, hadi siku nilipomkanda mabega. Siku hizi ananiletea wateja.

Mafuta tulitumia ya alizeti, si yamejaa hapa kwetu na Singida? Ila chukua yaliyosafishwa. Yale mazito ya kukamua, harufu yake inaganda kwenye mashuka hata ufue vipi.

Kilichoniudhi ni vitanda. Vichache mno, wanafunzi tumejaa, unasubiri zamu mpaka kipindi kinaisha. Ada ni ileile. Somo la biashara nalo lilipitishwa juujuu, bei ya kumtoza mteja nimekuja kujifunzia kazini.

Kabla hujalipa, hakikisha chuo kimesajiliwa NACTVET, yaani baraza la taifa linalosimamia elimu na mafunzo ya ufundi, kisha omba kuingia chumba cha vitendo wakati kipindi kinaendelea, uhesabu vitanda na wanafunzi kwa macho yako. Wakikuzungusha, nenda chuo kingine.