Mizani ya mfukoni na dhahabu ya Tudor: desimali mbili hazitoshi

Ukitaka kujua kama sarafu ya dhahabu ya Tudor (ukoo uliotawala Uingereza) ni halali, kwa kupima uzito peke yake mizani ya dijitali inayosoma hadi gramu 0.01 haina ubaya. Angel, sarafu ya dhahabu ya Mfalme Henry VIII, ya toleo la kwanza (1509–1526) ilipaswa kuwa na greni 80, yaani gramu 5.18. Ukisoma 4.8, kagua ukingo; kukata kingo za sarafu za kugongwa kwa nyundo ili kuiba dhahabu kulikuwa rahisi kwa sababu hazikuwa duara kamili tangu mwanzo. Ikipita 5.3, tafuta masalia ya kuchomelea kikuku cha mkufu.

Balaa linaanza kwenye densiti, yaani uzito wa kitu ukilinganishwa na ukubwa wake. Weka kikombe chepesi cha plastiki chenye maji juu ya mizani, rudisha sifuri, kisha ning'iniza sarafu kwa uzi mwembamba wa nailoni hadi izame yote bila kugusa chini wala pembeni. Namba inayotokea ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya uzito wa sarafu kwa namba hiyo; jibu ndilo densiti.

Angel, ambayo ni dhahabu karibu tupu, husukuma maji gramu 0.27 tu. Mizani ikikosea kwa 0.01, jibu linayumba kati ya 18.5 na 19.9. Hapo utaumbua fedha iliyopakwa dhahabu, basi. Nusu-sovereign, sarafu nyingine ya dhahabu ya Henry, ya karati 22 ya 1545 na ile ya karati 20 iliyofuata, Henry alipozidi kuchakachua, hutofautiana kwa maji ya takriban gramu 0.03 tu. Hapo unabahatisha.

Kwa hiyo nunua inayosoma 0.001, na ibebe angalau gramu 50. Zile za gramu 20 ni pesa ya bure: Angel ina upana wa milimita 28 hivi, na kikombe kinachoimeza ikiwa wima, pamoja na maji yake, kinazidi uwezo wa mizani hizo. Funga feni, maana upepo kidogo tu unachezesha tarakimu ya mwisho. Tia tone la sabuni ya vyombo kwenye maji. Kiputo kikinasa kwenye herufi, densiti hushuka na sarafu halali huonekana bandia.

Bandia iliyotengenezwa kwa dhahabu ya karati ileile itapita mtihani huu bila wasiwasi. Hiyo ni kazi ya lenzi: tafuta vijipele na herufi zenye kingo butu, dalili za kumiminwa kwenye kalibu. Jiwe la kusahihishia mizani lishike kwa kibanio, si kwa vidole. Mafuta ya ngozi huliongezea uzito.