Vitamini K kwa kichanga: sindano au matone?

Kwanza tuelewane, kila mtoto anazaliwa na vitamini K (ile inayosaidia damu kuganda) kidogo mno na maziwa ya mama hayana ya kutosha, ndo maana wengine hata wiki ya 2 mpaka ya 12 wanavuja damu ghafla, tena mara nyingi ni kwenye ubongo. Ni nadra, ila ikitokea ni balaa.

Sindano ni moja tu ya paja, kwa kawaida miligramu 1, analia dakika mbili basi mmemaliza. Matone hayaumi, sawa, lakini ni dozi kadhaa za wiki kadhaa, na hapo ndo shida, maana akitapika au ukasahau dozi (na mama aliyejifungua juzi asisahau vipi jamani) kinga inapungua, na mtoto mwenye tatizo la ini ambalo hata hujalijua, mwili wake hauyafyonzi vizuri. Njiti wanapewa sindano.

Yale maneno ya sindano kuleta kansa yalianza miaka ya 1990, tafiti kubwa zilizofuata hazikuona hivyo. Mi ningechoma. Huitaki kabisa sindano? Chukua matone umalize dozi zote, usikae bila chochote.