Katriji za Heavyweight TSS kwa bata mzinga: tathmini kwenye bunduki ya geji 20

Kampuni ya Federal, yenye kiwanda chake Anoka katika jimbo la Minnesota, ilianza kuuza katriji za Heavyweight TSS (Tungsten Super Shot, yaani marisau ya tangsteni, madini mazito kuliko risasi) mwaka 2018, na tangu hapo wawindaji wa bata mzinga mwitu nchini Marekani wamegawanyika kati ya wanaoapa kutotumia nyingine na wanaoiona bei yake kuwa ni kufuru. Nimezijaribu hapa Missouri kwenye bunduki ya marisau, yaani punje ndogo nyingi zinazotoka kwa pamoja, ya geji 20 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu: namba ikikua, mtutu huwa mwembamba), nikitumia katriji za inchi 3 zenye aunsi moja na nusu ya marisau namba 9 (hapa pia namba ikikua, punje huwa ndogo). Tathmini hii inahusu yale zilizoyaonyesha kwenye karatasi ya shabaha, kwa kuwa bata mzinga aliyekwisha kuanguka hawezi kutueleza kama ameuawa na ubora wa katriji au na ujinga wake wa kusogea karibu mno.

Ndege huyu hapigwi kifuani, kwa sababu manyoya, misuli na mifupa mizito ya mabawa humkinga, na mwindaji huishia kumjeruhi tu. Shabaha ni kichwa na shingo, sehemu nyembamba isiyotulia hata kidogo. Kwa hiyo mtawanyiko wa marisau ya kuwindia bata mzinga hupimwa kwa duara la inchi 10 katika umbali wa yadi 40, badala ya lile duara pana la inchi 30 linalotumika kwa bunduki za ndege warukao, na kipimo kilichozoeleka ni kwamba marisau yasiyopungua 100 yaingie ndani ya duara hilo.

Uwezo wa TSS unatokana na uzito wa madini yenyewe. Mchanganyiko wake wa tangsteni una takriban gramu 18 kwa kila sentimita ya ujazo, ilhali madini ya risasi yanayotumika kwa kawaida yana gramu 11.3, na kwa sababu hiyo punje ya namba 9, yenye upana wa milimita 2 tu, hupenya kwa nguvu ambayo kwa madini ya risasi ingehitaji punje kubwa zaidi. Punje zikiwa ndogo, nyingi zaidi huingia katika katriji moja: aunsi moja na nusu ya namba 9 ina zaidi ya punje 500, wakati katriji ya geji 20 ya inchi 3 iliyojazwa risasi namba 5 huwa na punje 220 hivi. Mnunuzi analipia tofauti hiyo.

Sikuanza na katriji hizi ghali. Kwanza nilifyatua katriji nyepesi za mazoezi kwa umbali mfupi, bunduki ikiwa imeegemezwa juu ya mifuko ya mchanga, ili nijue mtutu unaelekea wapi kabla bega halijaanza kuogopa. Katriji za bata mzinga hurudisha bunduki nyuma kwa nguvu nyingi, hasa kwenye bunduki nyepesi, na mtu anayetarajia maumivu huvuta kifyatuo kwa pupa, kisha akailaumu katriji. Baada ya hapo nilitandika karatasi pana yenye alama moja katikati. Duara la inchi 10 halichorwi kuizunguka alama hiyo. Huchorwa pale marisau yalipojikusanya kwa wingi zaidi, na umbali kati ya duara na alama ndio unaoonyesha kosa la bunduki. Yangu ilitupa juu kidogo na kushoto, jambo ambalo hakuna katriji inayoweza kulirekebisha, nikalazimika kufunga kilengeo kinachorekebishika.

Katika yadi 40 matokeo yalikuwa mazuri kuliko nilivyotarajia. Nikitumia choki (kipande kinachobana mdomo wa mtutu) ya kawaida iliyokuja na bunduki, marisau yalipita 100 bila shida na kusambaa kwa usawa, pasipo mapengo ambayo kichwa cha ndege kingeweza kupenya. Choki nyembamba zaidi niliyoinunua kando haikuongeza chochote cha maana. Nadhani sababu ni kile kikombe cha plastiki kinachobeba marisau, ambacho hufungukia nyuma na kujitenga taratibu, kwa hiyo hakitegemei sana kubanwa na mdomo wa mtutu.

Kasoro kubwa niliiona katika yadi 20, ambako wawindaji wengi hata hawajaribu. Hapo marisau yote yalikusanyika katika tundu dogo kama ngumi, na mwindaji anayetetemeka mbele ya dume linalokoroma anaweza kulikosa kabisa. Katika yadi 50 karatasi bado ilipendeza, lakini msituni makadirio ya umbali ni kazi ya macho, na sioni sababu ya kumfyatulia ndege wa mbali hivyo wakati ustadi wenyewe wa uwindaji huu ni kumwita kwa sauti ya jike mpaka asogee.

Sasa bei. Sanduku lina katriji tano, na kila moja kwa kawaida huzidi dola 10. Mwenye geji 12 anayewinda ndani ya yadi 40 hazihitaji kwa lazima: katriji za Long Beard XR za Winchester, ambazo risasi yake hushikiliwa na utomvu mgumu, humtosha kwa gharama ndogo zaidi. Ningezipendekeza kwa mwenye geji 20, kwa kijana anayeanza na bunduki ya .410, yenye mtutu mwembamba kuliko geji 20, na kwa mzee ambaye bega lake limechoka. Sheria ya Missouri inakataza marisau makubwa kuliko namba 4, kwa hiyo namba 9 haina tatizo hapa, ila majimbo hutofautiana na kanuni zisomwe kabla ya kununua. Atakayeila nyama naye atafune kwa uangalifu, maana punje ya tangsteni ni ngumu kuliko jino.

Mnunuzi atenge fedha za masanduku mawili, moja la karatasi na moja la msituni, na akibadilisha choki baada ya vipimo, arudi uwanjani akapime upya.