Uzoefu wangu na moduli za LoRa E32-433T20D kwenye kontrola ya umwagiliaji: pampu inaagizwa, na pampu inajibu

Nimetumia jozi ya moduli hizi, ambazo ni redio ndogo za kutuma data mbali, misimu miwili mfululizo. Moja iko stoo, ndani ya kontrola ya zoni 6 (taima, kama mafundi wengi wanavyoiita). Nyingine iko mtoni kwenye pampu, mita 800 kutoka hapo. Naipa nne kati ya tano. Ile moja imekatwa kwa sababu moduli haikuambii mawimbi yanaingia kwa nguvu kiasi gani, na hilo nitalirudia mbele.

Kwa nini redio na si waya? Waya wa shaba wa 1.5 mm² una ukinzani wa takriban om 12 kwa kilomita. Mita 800 kwenda na kurudi ni om 19. Koili ya 24 V ya kontakta (swichi kubwa ya umeme inayowasha pampu) ikivuta 0.3 A inapoteza karibu V 6 njiani, zinabaki 18, na kontakta inanguruma badala ya kuvuta. Ukipanda hadi 2.5 mm² bei inaruka, na shaba iliyofukiwa shambani ina wateja wake wa usiku. Radi nayo inapenda waya mrefu. Laini ya simu inawezekana, ila inataka bando, na mtandao ukilala shamba linalala nao.

Programu nyingi za mfano hutuma ujumbe wa kuwasha na ujumbe wa kuzima. Huo ndio mtego mkubwa kuliko yote katika kazi hii. Ujumbe wa kuzima ukipotea hewani, pampu inakesha, vali zote zikiwa zimefungwa. Mimi natuma ruhusa: bodi ya stoo (kompyuta ndogo inayoendesha redio; mtoni kuna nyingine) inasema "endelea" kila sekunde 30 wakati wote kontrola inapotaka maji, na bodi ya mtoni inazima pampu yenyewe ikikaa sekunde 120 bila kusikia kitu. Ujumbe mmoja au miwili ikipotea hakuna anayegundua. Antena ikianguka, pampu inazimika. Kila "endelea" inajibiwa na mtoni kwa hali mbili: kontakta imevuta au la, maji yanapita au la. Bodi ya mtoni haianzishi mazungumzo kamwe, inajibu tu, kwa hiyo jumbe hazigongani hewani.

Pa kuunganisha kwenye kontrola ni pawili. Kuna skrubu iliyoandikwa MV au P, inayotoa 24 V AC zoni yoyote inapofanya kazi: hiyo ndiyo inayoiambia redio kwamba maji yanahitajika. Na kuna skrubu mbili za SEN za kihisi cha mvua, ambazo kiwandani zimeunganishwa kwa kipande cha waya. Ukikata mzunguko huo, kontrola inaacha kumwagilia. Hiyo ndiyo njia ya jibu kurudi.

Kusoma MV unahitaji optokapla PC817 (inapitisha ishara kwa mwanga, bila pande mbili kugusana kwa umeme), rezista ya 3.3 kΩ ya nusu wati, na daiodi 1N4148 iliyowekwa kinyume na taa ya ndani ya optokapla ili kuilinda kwenye nusu ya pili ya mzunguko. Usitumie rezista ya robo wati. Kwa 28 V inachemsha karibu 0.24 W, na ndani ya boksi linalopigwa jua haidumu. Upande wa pili weka 10 kΩ kwenda 3.3 V na kapasita ya 10 µF, kwa sababu kinachotoka ni mapigo 50 kwa sekunde, si hali tulivu.

Umeme wa kulisha bodi ndiko wengi wanakoungulia. Transfoma iliyoandikwa 24 V, bila mzigo hutoa 27 au 28. Usiku, umeme wa gridi ukipanda hadi 250 V, inafika 30. Ukiugeuza kuwa DC kwa daraja la daiodi nne, zidisha kwa 1.414, toa 1.4 ya daiodi: zaidi ya V 41. Vibadilishaji vya bei rahisi vya LM2596, vya kushusha volti, vina kikomo cha V 40, na baadhi vina kapasita ya kuingilia ya V 35 tu. Mchana vinafanya kazi vizuri kabisa, kisha vinakufa saa nane za usiku na kupitisha volti zote kwenye bodi. Yangu ya kwanza ilikwenda hivyo pamoja na redio yake, na kosa lilikuwa la kwangu, si la moduli. Tafuta LM2596HV, inayovumilia hadi V 60, na kapasita ya 63 V. Rekebisha itoe V 5.0 kabla ya kuunganisha kitu kingine chochote. Mbele ya daiodi weka fyuzi ya 500 mA na varista ya 14D560, ya kumeza volti za ghafla.

Halafu hili: usiunganishe GND (hasi) ya bodi yako na skrubu ya C ya kontrola, ile ya waya wa pamoja wa vali, hata kama inaonekana ndiyo desturi. Kwenye daraja la daiodi nne, GND si upande wowote wa AC. Ukiviunganisha, daiodi moja imerukwa, na kila nusu ya mzunguko nyingine inabeba shoti ya transfoma nzima. Optokapla na rilei (swichi inayoendeshwa na koili) zipo ili pande hizi mbili zisigusane.

Moduli yenyewe ina pini saba: M0, M1, RXD, TXD, AUX, VCC na GND. Inakubali V 5 kwenye VCC, lakini pini za data ni za 3.3 V. Ndiyo maana nimetumia Arduino Pro Mini ya 3.3 V, 8 MHz, nikaepuka kugawanya volti. Weka kapasita ya 470 µF karibu kabisa na VCC, kwa sababu kwa nguvu kamili inavuta zaidi ya 100 mA kwa ghafla, na waya mwembamba ukishusha volti bodi inajiwasha upya katikati ya ujumbe. M0 na M1 usiziache hewani. Ndani zimevutwa juu kidogo (yaani kuelekea 3.3 V; chini ni GND), na zote mbili zikiwa juu moduli inalala. Mtu anaangalia waya wa TX na RX siku nzima kumbe redio imesinzia. Kwa kazi ya kawaida zote mbili ziwe chini. Na usiiwashe bila antena.

Mipangilio inaandikwa M0 na M1 zikiwa juu, kwa kasi ya 9600. Tuma C1 C1 C1 na moduli itakusomea ilichonacho. Kiwandani inatoka na C0 00 00 1A 17 44, maana yake anwani 0000, chaneli 23, nguvu ya kurusha 20 dBm (mW 100). Chaneli ni MHz 410 ukijumlisha namba yake, kwa hiyo hiyo ni 433.0 kamili, ilhali bendi huru (isiyohitaji leseni) inaanza 433.05 na kuishia 434.79. Moja kwa moja uko nje ya mstari. Pia jirani akinunua moduli kama zako bila kuzigusa, mtasikilizana. Mimi naandika C0 12 34 1A 18 47 kwenye zote mbili: anwani mpya (weka namba zako mwenyewe), 434 MHz, na nguvu 10 dBm, yaani mW 10. Kwa mita 800 zinatosha kabisa. Kabla ya kupandisha nguvu waulize TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, au CA kama uko Kenya.

Ujumbe wangu una baiti 8: mbili za kichwa, moja ya anwani, moja ya namba ya mfululizo, moja ya amri, moja ya hali, na mbili za CRC-16, namba ya kukagua kama ujumbe umeharibika. Subiri AUX, pini inayoonyesha moduli iko tayari, ipande juu kabla ya kutuma. Usitume herufi tupu ya "1" au "0" kama zinavyofanya programu za mfano, kwani kelele ya mota inaweza kuingiza herufi kwenye waya wa data na pampu ikawaka bila mtu kuagiza.

Sasa SEN. Ukipima kwenye baadhi ya kontrola utakuta mkondo wa vali zote unapita humo, 24 V AC. Kwenye nyingine ni ishara tu. Kwa hiyo tumia mguso mkavu wa rilei (usio na volti yake), usitumie transista. Nimeepuka zile bodi za rilei zilizotengenezwa tayari za V 5, kwa sababu zikiendeshwa na 3.3 V nyingine haziachii vizuri. Rilei tupu ya V 5 inavuta kama 72 mA: BC337, rezista ya 1 kΩ kwenye besi, 1N4007 juu ya koili, basi. Nimetumia upande wa NO, ulio wazi koili isipopata umeme, rilei ikishikiliwa muda wote. Bodi ikifa, mzunguko unakatika na umwagiliaji unasimama.

Mantiki yake inataka utulivu. Pampu haijawaka, kwa hiyo mtiririko haupo. Ukiikata SEN kwa sababu hiyo, kontrola haitaanza kamwe. Acha SEN imeunganishwa wakati wa mapumziko, na toa sekunde 90 baada ya MV kuwaka. Zikipita bila jibu la "maji yanapita", kata. Ukikata, kontrola inazima na MV pia. Bodi ikiachwa ijiamulie, inaona MV imezimika, inarudisha SEN, kontrola inaendelea na muda uliobaki, MV inawaka tena, na pampu iliyokauka inajaribiwa kila dakika moja na nusu hadi mota inuke. Kwa hiyo hitilafu ikitokea, SEN ibaki imekatwa mpaka mtu abonyeze kitufe. Nimeweka taa nyekundu mlangoni mwa stoo, inayowaka mpaka hapo.

Kontrola nyingine hukata MV sekunde chache inapohama kutoka zoni moja kwenda nyingine. Zile sekunde 120 za upande wa mtoni zinavumilia pengo hilo ili kontakta isipigwe bure, na pampu ikishazimika hairuhusiwi kuwaka tena kabla ya sekunde 60.

Mtoni, rilei ya bodi inawasha koili ya kontakta ya 230 V. Bila kizima cheche, kila kontakta inapoachia bodi inajiwasha upya: weka rezista ya 100 Ω mfululizo na kapasita ya 0.1 µF ya aina ya X2, sambamba na koili. Mguso msaidizi wa 13 na 14 unakuambia kontakta imevuta. Hauwezi kukuambia kama vali ya mguu (ile ya mwisho wa bomba la kunyonyea) imezibwa na majani au pampu imepoteza maji, kwa hiyo swichi ya mtiririko kwenye bomba la kutolea ni ya lazima. Kama pampu yako inaendeshwa na invata (kifaa cha kubadili umeme wa mota, chenye kelele nyingi za redio), ya gridi au ya sola, usiweke redio kwenye boksi moja nayo. Yangu iko mita 2 mbali, na nyaya za ishara zinapita kwenye pete ya feraiti.

Antena: ile ya springi inayouzwa na moduli ni ya mezani. Robo ya wimbi kwa 433 MHz ni sm 17.3. Waya mmoja wa shaba wa 2.5 mm² wima wenye urefu wa sm 16.5 hivi, na minne ya sm 17 inayoinama nyuzi 45 kama miguu, inashinda antena nyingi za dukani. Angalia pini ya katikati unaponunua: antena za ruta za Wi-Fi zinaingia kwenye uzi wa skrubu vizuri tu, lakini pini haigusi, na hata ingegusa masafa si yake. Kebo ya RG58 inakula kama dB 1 kila mita 3, ile nyembamba ya RG174 karibu mara mbili. Zungushia kiungio mkanda wa mpira. Maji yakishaingia kwenye kebo, itupe.

Kwa mita 800, nafasi ambayo mawimbi yanataka iwe wazi katikati ya safari ina nusu kipenyo cha karibu mita 12, na walau asilimia 60 yake, yaani mita 7, isizibwe. Kwenye tambarare nguzo ya mita 3 haikidhi hata ukiona antena ya pili kwa macho. Hesabu ya karatasi inaonyesha akiba kubwa ya mawimbi, ila karatasi haijui mahindi wala migomba, ambayo majani yake yamejaa maji. Kwa kuwa moduli haisemi nguvu ya mawimbi, kipimo ni kuhesabu: tuma jumbe 100, hesabu majibu, kwa 10 dBm, pampu ikiwa inazunguka. Chini ya 98 sikubali. Kwa nguzo za mita 3 nilipata 99 shamba likiwa tupu, 91 mahindi yalipochanua. Nguzo za mita 6 zimerudisha 99. Fanya kipimo hicho mazao yakiwa marefu, baada ya mvua.

Maboksi ni ya plastiki, IP65 (hayaingizi vumbi wala maji ya kurushwa), nyaya zikiingia kwa chini, na tundu la mm 3 la kutolea unyevu lililozibwa kwa wavu wa chuma. Bila wavu, sisimizi hujenga ndani ya kontakta na miguso haifungi.