Enduro 40 kwenye Mto Ruvu: kasi yake iko kwenye propela

Asalaam alaikum ndugu watazamaji, karibuni Bagamoyo. Hii mnayoiona hapa tezini, nyuma ya boti, ni Yamaha Enduro 40, mashine ya boti ya nguvu za farasi 40, ya kuchanganya: oili inaingia humo humo kwenye petroli. Pistoni mbili, ujazo cc 703, unawasha kwa kamba, unaongoza kwa mkono. Wengi mmeniuliza kama inafaa kwa kukimbia mtoni, si uvuvi, yaani raha ya mwendo. Inafaa, na naipenda hasa. Ina kilo 70 na kitu, wakati zile za oili ya pembeni, isiyochanganywa na petroli, zenye nguvu hiyo hiyo zinakaribia 100. Kwenye boti ya faiba ya futi 14 au 15 tofauti hiyo unaiona mara moja: omo, yaani pua ya boti, inashuka mapema na boti inapanda juu ya maji bila kuhangaika.

Ila tuongee propela, maana hapo ndipo watu wanapoteza hela. Angalia namba zilizogongwa: ya kwanza ni upana wa duara lake, ya pili ni hatua, inchi ambazo ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama maji yasingeteleza. Mtu anataka kasi, ananunua hatua kubwa, halafu mashine inalemewa. Enduro 40 ukiikamua mpaka mwisho inatakiwa izunguke kati ya 4,500 na 5,500 kwa dakika. Ikigoma chini ya hapo, shusha hatua, na boti itakimbia zaidi. Pimeni kwa geji ya mizunguko jamani, na mzigo wenu wa kawaida ukiwa ndani. Sikio linadanganya.

Propela ya chuma kisichoshika kutu au ya alumini? Baharini, chuma, kwa sababu hakipindi kirahisi na mwendo unaongezeka. Ruvu, alumini tu. Mto huu unashusha magogo, na kule kwenye mikoko maji yakipwa siku za bamvua yanashuka zaidi ya mita 3, fungu la matope linaibuka ulipopita asubuhi. Alumini ikigonga inakatika yenyewe. Chuma kikigonga, kishindo kinaingia kwenye gia.

Mafuta inakunywa, sifichi: lita 15 hadi 20 kwa saa ukikimbiza. Mashine mpya ikishazoea kazi, kila lita 20 za petroli tia mililita 400 za oili ya mashine za boti, si ya pikipiki. Na matope ya Ruvu yanakula raba ya pampu ya maji, kwa hiyo tazama ule mchirizi wa maji unaotoka nyuma ya mashine kila mara. Ukikatika, zima.

Sasa hii kamba nyekundu. Ifunge mguuni, tafadhali sana. Ukidondoka inachomoka, mashine inazimika. Bila hiyo, mkono wa mashine unajipinda na boti inazunguka inakurudia wewe uliyemo majini, propela ikiwa inazunguka. Na majini humo kuna mamba na viboko. Kwenye kona zenye kina punguza mwendo kabisa, kwani kiboko anaweza kukaa chini dakika 5 halafu akaibuka mbele yako.

Aliyeuliza kuhusu boti ya futi 23 na abiria kumi: hapana. Itasogea, lakini haitapanda juu ya maji, utachoma petroli bure. Tafuta mashine ya farasi 60 au 75.