Lenzi ya 50mm f/1.8 kwenye kamera yenye sensa ndogo: nilivyoishia uani

Lenzi hii niliinunua ya mtumba kwa tamaa moja tu: nyuma kufifia, taa zigeuke maduara. Kesho yake nikaenda nayo kwenye kipaimara cha mpwa wangu, Tabata, sebule haifiki mita 4.

Picha za uso, safi. Ikaja ya ukoo. Nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlango, nikaufungua, nikaishia uani kando ya pipa la maji, na bado wajomba wawili wa pembeni wamekatwa. Shangazi akaniuliza, "Mwanangu, unatupiga picha au unatukimbia?"

Lenzi haina kosa. Mimi ndiye sikujua hiyo 50 inapima nini. Nilikuja kuelewa kwa miwani ya bibi ya kusomea, namba +2. Mchana, chumba kikiwa na giza kidogo, nikaishika mbele ya ukuta unaotazamana na dirisha, nikaisogeza taratibu. Ilipofika kama nusu mita kutoka ukutani, mwembe wa nje ukajichora pale, umepinduka, shina juu. Hiyo nusu mita ndiyo urefu wa fokasi wa ile miwani. Wa lenzi yangu ni milimita 50.

Urefu ukizidi, taswira inakua, na sensa, kile kibamba cha ndani ya kamera kinachopokea picha, inaambulia kipande kidogo cha kilicho mbele yako. Sensa yangu yenyewe ina upana wa kama milimita 23.5, wakati zile kubwa zina 36, kwa hiyo 50 kwangu inabana kama 75 kwao. Watu waliojipanga upana wa mita 3 wananitaka nisimame mita 6 na ushee. Kwa milimita 18 za lenzi iliyokuja na kamera, ile ya 18-55, mita 2.3 zinatosha!

Usiku ndipo inapolipa. 50 gawanya kwa 1.8, ile namba ya f/, unapata tundu la kuingizia mwanga la karibu milimita 28. Ile iliyokuja na kamera nikiivuta hadi 55 inaishia f/5.6, yaani hii inaingiza mwanga zaidi ya mara tisa. Ukumbini sijawasha flashi tena. Ila ukifungua yote na kumsogelea mtu, jicho moja linakaa kali na la pili linayeyuka, hivyo mara nyingi napunguza tundu, nabaki f/2.8.

Siiuzi. Wajomba nimewaahidi picha nyingine, na ile 18-55 imesharudi kwenye begi.